JE, YAFAA MTU KUJICHOSHA BILA UJIRA?

Mtu mzima akionekana njiani anakimbia, wazee wetu huuliza swali moja: "Anafukuzwa na nani?" Wakiambiwa kwamba hafukuzwi na mtu wala hamfukuzi mtu, bali anakimbia kwa kupenda tu, huguna na kutikisa kichwa. Sisi walimu tumezoea kulicheka swali hilo, kwa kuwa twafundisha watoto michezo shuleni, na twadhani twajua faida yake. Lakini swali la wazee si la kuchekwa. Ndani yake mna neno kubwa, nalo ni hili: Je, ni haki mtu azitumie nguvu zake, alizopewa zimfae yeye na wenzake, katika kazi isiyolima shamba, isiyojenga nyumba, wala isiyoleta mshahara? Twataka leo kulipima neno hili pamoja nawe, msomaji, nasi tumechagua mchezo mmoja ambao ndani yake swali lenyewe huonekana wazi kabisa.

Mchezo huo huitwa triathloni. Ni michezo mitatu iliyofungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja: kwanza kuogelea, kisha kupanda baisikeli, na mwisho kukimbia kwa miguu, yote kwa siku moja. Saa huhesabiwa tangu mtu aingiapo majini mpaka avukapo mstari wa mwisho. Hata dakika za kuvua nguo za maji na kuvaa viatu huhesabiwa. Kuogelea hutangulizwa, na hilo lina busara yake, maana mtu aliyechoka akianguka barabarani huumia goti, lakini aliyechoka akilemewa majini huzama.

Mchezo wenyewe si wa kale. Katika Marekani, mashindano ya kwanza yaliyoitwa kwa jina hilo yalifanywa mahali paitwapo Mission Bay, katika mji wa San Diego, tarehe 25 Septemba 1974, na watu 46 wakashiriki. Miongoni mwao walikuwamo mume na mkewe, John na Judy Collins. Huyo John alikuwa ofisa wa jeshi la majini. Baadaye walihamia visiwa vya Hawaii, na huko watu wakabishana: ni nani mwenye mwili ulio imara zaidi, mwogeleaji, mpanda baisikeli, au mkimbiaji? Kila mmoja alivutia kwake, kama vile mvuvi na mkulima wabishanavyo kazi ya nani ni ngumu. Collins akatoa shauri kwamba safari tatu zilizokwisha kujulikana katika kisiwa cha Oahu ziunganishwe kuwa moja, ubishi ukatwe, na atakayetangulia aitwe Mtu wa Chuma.

Basi tarehe 18 Februari 1978 watu 15 waliingia baharini. Waliogelea karibu kilometa 4, wakapanda baisikeli kilometa 180, kisha wakakimbia kilometa 42. Waliomaliza ni 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Wa pili, John Dunbar, aliishiwa maji njiani, na wasaidizi wake wakampa bia badala yake, jambo ambalo halikumsaidia miguu. Collins mwenyewe alimaliza baada ya saa kama 17. Wala hawakushindania fedha.

Tangu siku hiyo mchezo umeenea duniani. Mwaka 2000 uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney, kwa mwendo mfupi zaidi: kuogelea kilometa moja na nusu, baisikeli 40, na kukimbia 10. Wako watu wachache waupatao mkate wao kwa mchezo huu. Lakini walio wengi ni wachezaji wa ridhaa, yaani wasiolipwa: walimu, wauguzi, makarani, mafundi. Hao huamka alfajiri wakati majirani wamelala. Anayejitayarisha kwa mwendo mrefu hutumia saa 10 au zaidi kila juma, kwa miezi mingi. Hujizoeza kushuka katika baisikeli na kuanza kukimbia papo hapo, maana miguu iliyozunguka kwa saa nyingi huwa mizito kama magogo, nayo haikubali kukimbia mpaka izoezwe. Na siku ya mashindano ikija, wao ndio watoao fedha ili waruhusiwe kushindana. Mzee akisikia hayo atasema, "Kumbe hulipa ili wachoke!" Naam, ndivyo ilivyo.

Sasa na tuyasikilize mashtaka yaletwayo juu yao, maana yana nguvu.

Shtaka la kwanza ni hili: mchezo huu ni dhihaka kwa maskini. Katika nchi yetu yuko mtu apandaye baisikeli kilometa 40 na mikungu ya ndizi nyuma yake, akishuka kusukuma kila penye kilima, naye hapewi nishani wala hapigiwi makofi. Yuko mama aendaye mbali kuteka maji kila siku ya maisha yake. Iweje basi mtu aliyeshiba aifanye taabu kuwa mchezo? Jibu letu ni kwamba jambo lisilolipwa si lazima liwe bure. Mwenye kuimba jioni barazani pake halipwi, wala hatumwiti mpumbavu. Mwenye kusoma kitabu usiku kwa kutaka kujua halipwi, nasi twamsifu. Ikiwa kazi zote za nguvu zingefanywa kwa ajili ya tumbo tu, mwanadamu angetofautianaje na punda? Hata hivyo shtaka hili haliishi lote kwa jibu hilo. Linatuachia onyo. Mtu aliyeuchagua mzigo wake asijivune mbele ya mtu aliyetwikwa wake. Aliyemaliza mashindano, akikutana njiani na mbeba ndizi, afadhali yeye ndiye atangulie kuamkia.

Shtaka la pili ni kwamba mwili si mali ya kuharibiwa. Mwezi wa Februari 1982, katika mashindano hayo hayo ya Hawaii, yaliyokuwa yamekwisha kuhamishiwa Kona, msichana mmoja mwanafunzi, Julie Moss, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akiongoza wanawake wote. Alipokaribia mwisho miguu ikamkatalia. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Hatua chache kabla ya mstari, Kathleen McCartney akampita. Julie hakuacha, alitambaa kwa mikono na magoti mpaka akaugusa mstari, sekunde 29 baada ya mwenzake. Picha zake zilionyeshwa katika televisheni ya Marekani, na watu wengi waliomwona akitambaa waliondoka wakitaka kuujaribu mchezo huo.

Je, tumsifu au tumkemee? Neno hili si jepesi. Matabibu wa Marekani waliochunguza misiba ya mchezo huu, tangu mwaka 1985 mpaka 2016, waliona kwamba wengi wa waliokufa ghafula au kusimama moyo walipatwa na hayo majini, na sehemu kubwa yao walikuwa wanaume wa makamo. Basi hatari ipo, wala si ya kufichwa. Sisi twaona kwamba kuchoka ni kitu kimoja na kujiharibu ni kitu kingine. Mwili uliochoka hulala ukaamka na nguvu zaidi, kama shamba lililopumzishwa. Mwili ulioharibiwa haurudi. Mchezaji mwenye akili humwona mganga kabla ya kuanza, huongeza mwendo kidogo kidogo, hupumzika siku za kupumzika, na kifua kikibana huinua mkono aopolewe. Watatu katika wale 15 wa mwaka 1978 hawakumaliza, nao hawakupungukiwa na utu wao.

Shtaka la tatu ni kwamba mchezo huu huzaa majivuno. Nalo ni kweli kwa watu wengine: hukimbia ili watajwe, na siku watajapo wengine huacha kukimbia. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Lakini kosa hilo si la mchezo huu peke yake. Hata katika kuomba na katika kutoa sadaka mtu aweza kujivuna.

Basi, kama tumeyasikia mashtaka, je, wema wa jambo hili u wapi?

Kwanza, mchezo huu humrudisha mtu mzima kuwa mwanafunzi. Mwogeleaji hodari huona kwamba juu ya baisikeli yeye ni mtu wa kawaida. Mkimbiaji mwepesi hujikuta majini akitapatapa kama mtoto. Mtu hawezi kuishi kwa uhodari wake mmoja tu, bali hulazimika kwenda na udhaifu wake mkononi, kuufundisha na kuuvumilia. Sisi walimu twajua jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mwenye miaka 40 kukubali kufundishwa. Yeyote akubaliye amekwisha kupata faida kabla mashindano hayajaanza.

Pili, katika mchezo huu wa mwisho naye ana heshima yake. Mwenye kujaribu ule mwendo mrefu kwa desturi hupewa saa 17. Kwa miaka mingi huko Kona walianza saa 1 asubuhi, na mlango ukafungwa saa 6 ya usiku. Mshindi alikuwa amekwisha kuoga na kula zamani. Hata hivyo watu walijaa kando ya mstari katika saa ile ya mwisho, wakiwapigia makofi wanaokuja wakichechemea gizani. Kutangulia si kufika, wahenga walisema. Na kwa hao, kufika kwenyewe ndiko kunakotukuzwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mchezaji wa ridhaa hujifunza kuishika ahadi ambayo hakuna mtu awezaye kumdai. Askari hukimbia kwa amri. Kibarua huamka kwa hofu ya msimamizi. Mtoto wa shule hukimbia kwa sababu mwalimu amesimama na filimbi. Lakini huyu huamka alfajiri ya baridi kwa neno alilojiambia mwenyewe, na akilala hakuna atakayejua. Ukiyavulia maji nguo huna budi uyaoge, nasi twaamini kwamba mtu aliyezoea kuyaoga maji aliyoyavulia nguo kwa hiari yake amepata kitu chenye thamani. Mtume Paulo naye, alipowaandikia Wakorintho, aliwatolea mfano wa wakimbiaji na kiasi chao, wala hakuwadharau.

Lakini hapo hapo palipo na wema wa jambo hili ndipo ulipo mtego wake. Twaomba tulieleze kwa kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tuliingiwa na hamu ya mchezo huu. Kuogelea hatukujaribu, maana mto wetu una mamba. Lakini baisikeli tunayo, na miguu tunayo. Tukajiandikia utaratibu katika daftari: Jumanne na Alhamisi kukimbia kabla ya kengele ya shule, na Jumamosi kupanda baisikeli kilometa 40, kisha kukimbia kilometa 10. Tuliushika utaratibu huo kwa uaminifu mkubwa, na kila siku tuliweka alama katika daftari kwa furaha. Lakini kabla ya hapo tulikuwa tumemwahidi mama watoto kwamba tutaliezeka ghala upya mvua zisijafika. Jumamosi ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Usiku mmoja mvua ikanyesha. Asubuhi tulimkuta uani amekwisha kuyatoa mahindi, anayaanika juu ya mikeka, akitenga yaliyolowa na yaliyopona. Hakutugombeza. Alisema tu, "Baba Yohana, daftari lako halikukosa hata siku moja. Na mimi nimeandikwa ukurasa gani?"

Hatukuwa na neno la kumjibu. Tulipanda paani siku ile ile, nasi tulipokuwa tukifunga nyasi tulifikiri sana. Kosa letu halikuwa jasho, wala baisikeli. Kosa letu lilikuwa kwamba ahadi tuliyojipa wenyewe tuliiita deni, na ahadi tuliyompa mwenzetu tuliiita kazi ya baadaye. Tena tuliona kwa nini ilikuwa hivyo. Ahadi ya kwanza ilitupa sifa: watu walituona njiani wakasema, "Mwalimu ana nguvu!" Ahadi ya pili haikuwa na mtazamaji ila mtu mmoja. Ahadi ni deni, twasema sote. Lakini madeni nayo yana utaratibu wake, na lile tulilojikopesha wenyewe halitangulii lile tulilokopa kwa mwingine. Saa 10 za kila juma hazianguki kutoka mbinguni. Hutoka katika usingizi wa mtu, au katika kazi yake, au katika siku za watu wake. Na mwenye haki ya kuzitoa hizo za mwisho si yeye peke yake.

Je, maana yake ni kwamba mtu mwenye nyumba asijaribu kamwe? La. Dunia imeona mfano wa namna nyingine. Mwaka 1962, katika Massachusetts, nchini Marekani, alizaliwa mtoto aitwaye Rick Hoyt, ambaye hakuweza kutembea wala kusema, kwa sababu ubongo wake ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Madaktari waliwashauri wazazi wampeleke katika nyumba ya kulelea watu wa namna hiyo, nao wakakataa. Mwaka 1977 Rick, aliyekwisha kufundishwa kuandika kwa msaada wa mashine, alimwomba babaye washiriki katika mbio za maili 5 zilizofanywa ili kumsaidia kijana mmoja aliyepooza. Dick, babaye, hakuwa mkimbiaji. Alimsukuma mwanawe katika kiti cha magurudumu mpaka mwisho, nao wakawa karibu wa mwisho kabisa. Usiku ule mtoto akamwandikia babaye kwamba walipokuwa wakikimbia aliona kama ulemavu wake umemtoka.

Basi Dick akaendelea. Alipoalikwa katika triathloni hakujua kuogelea. Akajifunza akiwa mtu mzima. Katika maji alijifunga kamba kiunoni akaikokota mashua ndogo aliyolala mwanawe. Katika baisikeli alimkalisha katika kiti kilichotengenezwa mbele. Katika mbio alimsukuma. Mwaka 1989 walimaliza hivyo mwendo wote wa Hawaii, kilometa zile zile zinazowashinda vijana wasiobeba kitu. Walishiriki pamoja katika mashindano zaidi ya 1,000, mpaka uzee ukawazuia. Baba alifariki mwaka 2021, na mwana mwaka 2023. Mithali yasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani kwetu huonekana mwepesi. Kwa Dick Hoyt haukuwa usufi. Aliupima kwa mikono yake. Saa zake za mazoezi hazikuibwa kwa mtoto, kwa kuwa zilikuwa za mtoto.

Si kila mtu aweza kuwa kama huyo, wala si lazima kila mbio ibebe mtu. Mtawa mmoja wa Kikatoliki wa Marekani, Madonna Buder, aliyezaliwa mwaka 1930, alianza kukimbia akiwa na miaka 48 kwa shauri la padre, na kujaribu triathloni akiwa na miaka 52. Mwaka 2012 alimaliza ule mwendo mrefu huko Kanada akiwa na miaka 82. Wenye mashindano ilibidi wamfungulie safu mpya za umri, maana hakukuwa na mwanamke mzee kama yeye. Hakuwa na mtoto wala ghala la kuezeka, na saa zake, baada ya sala na kazi, zilikuwa zake kuzitoa. Hapana ubaya katika furaha ya namna hiyo.

Basi twaona ya kuwa hukumu haikatwi kwa kuutazama mchezo peke yake. Mtu atakaye kujichosha bila ujira na ajipime kwa mambo matatu. Je, mwili wangu waongezeka nguvu au wavunjika? Je, naweza kumaliza wa mwisho na nikafurahi? Na wale ambao saa zao nazitumia, wamekubali? Akipata jibu jema katika yote matatu, na akimbie, wala asione haya mbele ya mzee yeyote. Akikosa katika la tatu, kuna mwendo mfupi kwa ajili ya watu wenye nyumba: kuogelea mita 750, baisikeli kilometa 20, kukimbia 5. Huo nao una maji, una barabara, una jasho, na mtu hurudi kabla jua halijawa kali, akashika jembe.

Sisi baisikeli yetu tungali tunaipanda, ila Jumamosi moja tu kwa kila mbili, na siku hiyo huchaguliwa na mama watoto. Na wazee wakituuliza tena ni nani atufukuzaye, hatucheki. Twawajibu kwa adabu kwamba hakuna. Kisha twajiuliza wenyewe swali ambalo wao kwa upole wao hawakutuuliza: Nyumbani umemwacha nani, na umemwachia nini?